Siku Kuu Tulizokaa Nyumbani Mjini

(Hotuba iliyosomwa na mume na mke, wote wawili makarani, katika mkutano wa wanachama, Dar es Salaam)



Tumeombwa na Halmashauri ya chama tusome mbele yenu habari za siku kuu za mwisho wa mwaka 2024, ambazo sisi mume na mke hatukwenda kwetu Kapalamsenga, bali tulikaa nyumbani hapa Dar es Salaam. Twajua ya kuwa jambo hili limezungumzwa sana na wenzetu, na wengine walilizungumza sisi tusipokuwapo. Hatusemi hivi kwa uchungu, maana kusemwa ni sehemu ya kukaa na watu. Ila twaona ni heri habari itoke kinywani mwa wenyewe kuliko kusikika mlangoni mwa masjala.

Maneno haya yameandikwa na mikono miwili katika daftari moja, na ndiyo sababu mtasikia "sisi" kila mahali. Palipo na jambo la mmoja wetu peke yake tutasema mume, au tutasema mke, nanyi mtaelewa. Mume ni karani wa masjala, na mke ni karani wa hesabu.

Kwa wasiopajua kwetu, Kapalamsenga ni kata katika wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, mkoa uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Ni nchi ya upande wa ziwa. Utawakuta Wabende, Watongwe, Wafipa na watu wengi waliohamia kutoka pande nyingine. Wanalima mahindi, mpunga, mihogo na karanga, na walio karibu na maji huvua dagaa na migebuka. Kwao mke ni Karema, basi tukienda nyumbani twaenda nyumba mbili kwa safari moja, na katika hilo twashukuru, maana tunao wenzetu ambao mume kwao ni Bukoba na mke kwao ni Masasi.

Kutoka hapa hadi Mpanda mjini ni zaidi ya maili 700 kwa njia yoyote utakayoshika, na ukifika Mpanda hujafika. Wazee wetu waliotumika zamani walipanda gari la moshi hadi Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914, kisha wakangojea meli Liemba iwashushe Karema. Meli hiyo nayo ilikuwa na mambo yake: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, ikainuliwa kutoka majini mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Tawi la reli kutoka Kaliua kwenda Mpanda, kilometa 210, lilifunguliwa mwaka 1950, wala halikujengwa kwa ajili ya watu wa likizo, bali kwa ajili ya madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa Mpanda. Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Iko barabara ya lami kutoka Tabora kwa njia ya Koga hadi Mpanda, na iko reli mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwezi wa Julai 2024. Lakini wepesi huu una kikomo chake, na mwezi wa Desemba kikomo hicho ni tope. Kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Msafiri wa Krismasi hutoka Mpanda akiwa amebeba mkoba, akafika nyumbani akiwa amebeba na viatu.

Sasa twaja kwenye hesabu, maana sisi ni makarani, na karani asiyetoa hesabu hasikilizwi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mtumishi likizo ya siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa mwaka, na siku hizo 28 huhesabiwa pamoja na siku kuu zitakazoangukia ndani yake. Neno hili wengi wetu twalisoma na kulipita. Tazameni: mtumishi aliyeanza likizo Jumatatu tarehe 16 Desemba 2024, siku zake 28 ziliisha Jumapili tarehe 12 Januari 2025. Ndani ya siku hizo mlikuwa na Krismasi, na siku ya pili yake, na Mwaka Mpya, na Siku ya Mapinduzi ya Zanzibar. Hiyo ya Mapinduzi iliangukia Jumapili, basi tusiihesabu. Zimebaki siku tatu ambazo Serikali ingempumzisha bila yeye kuomba, naye amezilipia kwa likizo yake mwenyewe. Siku tatu si nyingi. Lakini mtu afanyaye hivyo kwa miaka ishirini na tano ameacha mezani siku zipatazo sabini, na tunao wenzetu ambao kwa siku sabini wangejenga nyumba.

Tena iko nauli. Kama mjuavyo, mtumishi hupewa nauli ya likizo mara moja katika kila miaka miwili, na zamu yetu ilikuwa mwaka 2025. Basi safari ya Desemba 2024 ingekuwa ya mfuko wetu wenyewe.

Mke alichukua daftari akaandika. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, pamoja na gari la kutoka Mpanda, na chakula cha njiani: shilingi 320,000. Khanga za mama wawili na za mashangazi, mashati ya wazee, sukari, mafuta, sabuni: shilingi 350,000. Nyama, mchele na soda za siku yenyewe, maana mtumishi akifika kutoka Dar es Salaam hata mbuzi wa baba huwa anangoja fedha ya mtumishi: shilingi 230,000. Jumla shilingi 900,000. Fedha hizo tulikuwa nazo, tulikuwa tumeziweka tangu Machi katika chama cha akiba na mikopo. Hatukukosa fedha, na twaomba jambo hili lisikike vizuri, kwa kuwa lilisemwa kwamba tulikaa mjini kwa sababu ya ufukara.

Mume akauliza, je, katika hizi laki tisa, ngapi zitabaki Kapalamsenga baada ya sisi kuondoka? Tukahesabu tena. Nauli ni ya wenye mabasi. Soda ni ya wenye viwanda. Khanga ni ya wenye maduka ya Kariakoo. Zilizobaki kwa wazee, ukiondoa furaha ya siku mbili, zilikuwa kidogo mno. Nayo Desemba ndiyo kipindi ambacho ghala la kwetu limepungua, mahindi mapya yako shambani yakiwa mafupi, mbolea yatakiwa, vibarua wa palizi watakiwa, na mtoto aendaye Kidato cha Kwanza anangoja sare na daftari. Ni kweli kwamba ada za sekondari hadi Kidato cha Nne ziliondolewa mwaka 2016, lakini mtoto haendi shuleni kwa kuondolewa ada tu. Aenda kwa viatu.

Tukaona njia. Shilingi 450,000 ziende nyumbani kwa simu, kwa kazi zilizotajwa majina. Shilingi 300,000 zirudi katika akiba. Shilingi 150,000 ziwe zetu, za kula siku kuu hapa mjini, sisi wawili.

Hesabu hii, mabwana, ilikuwa sahihi nasi tuliipenda. Lakini hesabu si ruhusa. Tulikuwa hatujawaambia wazee.

Tulipiga simu Jumapili ya kwanza ya Desemba, jioni, wakati baba huwa amerudi na amekwisha kuoga. Mume akaamkia, "Shikamoo baba." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Mnaondoka lini huko?" Mume akamweleza yote kwa utaratibu, mvua, likizo, nauli ya mwaka ujao, na fedha za mbolea. Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mahindi yangu hayajui Krismasi. Yanajua palizi. Lete hizo fedha, nanyi mje Julai nikiwa na nafasi ya kukaa." Tulishangaa. Tulikuwa tumejitayarisha kwa maneno mengi, kumbe kwa miaka yote hiyo mzee naye alikuwa akiacha shamba lake katikati ya palizi ili kutupokea, na alichoka kutuambia, au aliona haya.

Mama alikuwa jambo jingine. Hakumjibu mwanawe. Aliomba apewe mkwewe, akamwuliza, "Mwanangu, mnaumwa?" Mke akasema, "Hapana mama, hatuumwi." Mama akasema, "Haya," akarudisha simu kwa baba. Neno hilo moja lilitukaa kwa siku nyingi kuliko maneno yote yaliyosemwa na wenzetu hapa.

Hapa imetupasa kusema jambo ambalo tumelijadili sana kama tuliseme au tuliache. Tumekubaliana tuliseme, kwa kuwa twajua hatuko peke yetu katika chumba hiki. Sisi tumeoana mwaka 2018, na hatujajaliwa mtoto. Kila Desemba tulipokwenda nyumbani tulipokewa kwa mapenzi makubwa, nasi hatuwalaumu ndugu zetu hata kidogo. Lakini kila Desemba, tokea siku ya kwanza hadi siku ya kuondoka, swali lilikuwa moja, nalo lilielekezwa kwa mtu mmoja. Mashangazi walimketisha mke jikoni. Walimletea mizizi ya kuchemsha. Walimshauri, wakamwombea, wakamlia. Mume alikuwa nje chini ya mwembe akizungumza na wanaume habari za mpira na za Serikali, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwuliza chochote. Hivyo mke alirudi Dar es Salaam kila Januari akiwa amechoka kuliko alivyoondoka, na mume hakujua sababu, kwa kuwa mke hakutaka kuwasema mashangazi wa mumewe mbele ya mumewe.

Basi lilipotajwa mjini kwamba "mke amemfunga mume asiende kwao", tulicheka, kisha hatukucheka tena.

Sasa tuwaeleze siku zenyewe. Zilikuwa tano: Jumatano tarehe 25, Alhamisi tarehe 26, Jumamosi na Jumapili, na Jumatano ya Mwaka Mpya. Katikati tulikwenda kazini kama kawaida. (Ijumaa ile tarehe 27, afisini mlikuwa na utulivu ambao hatujauona kwa miaka tisa ya utumishi. Masjala ilipangwa upya hata majalada yaliyodhaniwa yamepotea yakaonekana, likiwamo moja ambalo mwenyewe alikuwa amekwisha kulipwa fidia ya kupotelewa na muda. Hayo tuyaache.)

Mji wa Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba ni mji mwingine. Jirani zetu Wachaga walikwisha ondoka kabla ya tarehe 20, maana kwao kwenda Kilimanjaro Krismasi ni jambo lisilojadiliwa. Nyumba nzima ilifungwa makufuli isipokuwa chumba chetu na vyumba viwili vya bibi mwenye nyumba. Bibi ni Mzaramo, amezaliwa hapa hapa na wazazi wake wamezikwa hapa hapa. Alipotuona asubuhi ya Krismasi tukiota jua barazani, alituuliza kama tumefukuzwa kwetu. Tulipomweleza alisema, "Mimi kila mwaka nawaona mwabeba mizigo mwakwenda. Nami nakaa na funguo zenu. Hakuna aliyeniuliza siku kuu nakula na nani." Yeye ni Mwislamu na siku kuu zake si hizo, lakini siku ile tulikula pamoja. Tulikuwa tumepika wali na migebuka mikavu iliyoletwa kutoka kwetu na dereva wa lori, naye akaleta samaki wa bahari aliyempika kwa nazi. Akaonja mgebuka akasema si mbaya, ila umechoka na safari.

Asubuhi tulikuwa tumesali katika kanisa la Mtakatifu Yosefu pale bandarini, jengo lililojengwa tangu 1897 hadi 1902. Watu walikuwa wengi, tena wengi wao walikuwa watu kama sisi, walioazima mji kwa siku moja.

Tarehe 26 tulivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Tangu mwaka 2016 liko daraja la Nyerere, lenye urefu wa meta 680, na mwenye haraka hupita huko. Sisi hatukuwa na haraka. Tulishuka, tukatembea hadi ufukoni, tukanunua madafu mawili na muhogo wa kuchoma, tukaketi mchangani chini ya kivuli tangu saa tano hadi saa kumi alasiri. Wenzetu walioa watajua jambo tunalolisema: mtu na mkewe waweza kukaa nyumba moja kwa miaka sita wasionane mchana. Asubuhi twaondoka saa kumi na moja kutafuta basi, jioni twarudi saa mbili, Jumamosi ni kufua na misiba na harusi za watu, Jumapili ni ibada na michango, na likizo ni Kapalamsenga, ambako mume hulala kwa wanaume wenziwe wakizungumza hadi usiku mkubwa. Saa tano mfululizo, tumeketi, hapana anayetuita: hatukukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Ndipo pale mke aliposimulia habari za jikoni. Alizisimulia polepole, bila kumtaja mtu kwa ubaya, mwaka kwa mwaka, tangu 2018. Mume alisikiliza. Alipomaliza, mume aliuliza, "Mbona mimi sikuulizwa?" Mke akajibu, "Ndilo nililotaka uulize."

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba katika watu wazima sita, karibu mmoja hupatwa na shida ya kutopata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Na madaktari wasema sababu yaweza kuwa kwa mwanamke, au kwa mwanamume, au kwa wote wawili. Hayo yaliandikwa na yanajulikana. Lakini kujua jambo kwa kulisoma gazetini na kulijua ukiwa umeketi karibu na mkeo aliyekunywa mizizi kwa miaka sita ni mambo mawili. Tulikubaliana palepale mchangani kwamba Januari tutakwenda hospitali wote wawili, siku moja, na mume ndiye atakayepimwa kwanza. Tulikwenda. Majibu ni ya nyumbani kwetu na hatuyasomi hapa.

Jumamosi tulifanya matembezi ya kitaalamu, kama tulivyoyaita. Asubuhi tuliingia Nyumba ya Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940, ambayo mume ameipita kwa miguu mara nyingi akiwa na majalada kwapani pasipo kugeuza shingo. Humo mna habari za fuvu la mtu wa kale aliyeonekana Olduvai mwaka 1959, na motokaa za wakubwa waliotangulia. Alasiri tulikwenda Kijiji cha Makumbusho, katika barabara ya kwenda Bagamoyo, ambako zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali, msonge wa Wachaga, tembe ya Wagogo, na nyinginezo. Mke alisimama mlangoni mwa nyumba moja ya nyasi akasema kwamba tumelipa kiingilio ili kuchungulia jiko kama la mama. Tukacheka; lakini twasema kweli, pale ndipo tulipokumbuka nyumbani kwa nguvu zaidi siku zote hizo, kwa sababu ya harufu ya nyasi zilizopigwa na mvua. Tulimpigia mama simu tukiwa tumesimama palepale. Alituambia mbolea imefika na vibarua wanne wako shambani. Sauti yake ilikuwa fupi.

Jumapili tulilala. Mume alifua nguo zote za nyumba na kuzianika uani, na bibi mwenye nyumba alileta kiti akaketi kutazama. Mwaka Mpya ulikuwa joto kali, hapana la kusimulia.

Hesabu ya mwisho: katika zile shilingi 150,000 tulitumia 112,000.

Sasa tujibu wenzetu. Wako waliosema, "Mtu ni kwao," na ya kuwa asiyekwenda kwao Desemba amemezwa na mji. Neno hili ni zito nasi hatulidharau. Lakini kwao mke, Karema, wazee wangali wanasimulia habari za mganga Adrien Atiman. Mtu huyu alizaliwa upande wa mto Niger, Afrika ya Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889. Akaoa huko, akatibu watu huko, akafia huko mwaka 1956. Hakuwa na likizo ya kwenda kwao. Kwao palikuwa pale alipoamkia na kuamkiwa. Twasema hivi si kwa kujilinganisha naye, ila kwa kuonyesha kwamba hata kwetu kwenyewe, neno "kwao" lilikwisha kupanuliwa na watu wenye heshima kabla sisi hatujazaliwa.

Hata chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali Waafrika katika nchi hii, kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba, kiliundwa na watu walio mbali na kwao. Walitaka mahali pa kukutana, pa kusoma na pa kucheza mpira. Nasi tulijiuliza katika siku zile tano: chumba hiki cha chama chetu kilifungwa tangu tarehe 20 Desemba hadi katikati ya Januari. Je, sisi tu ndio tuliokuwa mjini? Baadaye tuligundua kwamba wanachama wapatao kumi na mmoja walikuwapo, kila mmoja amejificha chumbani mwake kwa kuona haya ya kutosafiri. Mmoja wao alikula mkate na chai siku ya Krismasi, peke yake, umbali wa nyumba sita kutoka kwetu. Twapendekeza kwa Halmashauri, Bwana Mwenyekiti, funguo ziachwe kwa mtu.

Wala hatusemi kila mtu afanye hivi. Mwenye mzazi mgonjwa aende, hata kama ni kwa kukopa. Mwenye kukosa mazishi aende. Aliyekwisha kukaa miaka mitatu asionekane kwao, huyo asitumie hotuba yetu kama kinga. Sisi tuliomba ruhusa, tukapeleka fedha, tukataja mwezi wa kwenda. Tena yuko yule akaaye mjini siku kuu akazimaliza fedha zote katika vilabu, akaamka Januari hana nauli wala akiba wala shukrani ya mtu. Huyo hatumjui, nasi twaomba asijiite mwenzetu.

Julai 2025 tulikwenda, kwa nauli ya Serikali, siku zote 28. Njia ilikuwa kavu, vumbi hadi kwenye kope. Mahindi yalikwisha vunwa, na baba alikuwa na nafasi kama alivyoahidi. Alitembea nasi shambani kwa siku mbili akituonyesha mahali mbolea ilipofika na mahali ilipokwisha, maana haikutosha. Mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza alitusomea barua kwa Kiingereza. Mashangazi walikuja wote. Siku ya pili, walipomwita mke jikoni, mume aliinuka chini ya mwembe akaingia naye, akaketi juu ya kinu, akasema, "Shikamooni, mashangazi. Nimekuja kusikiliza na mimi." Pakawa kimya. Shangazi mkubwa akamwambia kwamba jikoni si mahali pa mwanamume. Mume akasema ni kweli, lakini jambo linalozungumzwa humu lina watu wawili. Wakatazamana, kisha mmoja akamwuliza mke kama mumewe huko mjini hupika pia, na mke akajibu kwamba hufua. Walicheka sana. Mizizi haikuletwa mwaka huo.

Mama alitupikia kila siku chakula tunachokipenda, wala hakutaja Krismasi hata mara moja. Siku ya kuondoka alitufungia migebuka mikavu katika gunia, akamwambia mke, "Na yule bibi yenu wa Dar es Salaam mpelekeeni huyu mkubwa. Mwambieni huyu hajachoka." Kisha akamwuliza mwanawe kama Desemba atakuja. Mume akasema, "Mama, tutazungumza." Mama akasema, "Haya."

Mwenye swali aulize, na wa hesabu amwulize mke.